Kitabu Kisomwe Kwanza, Ndipo Kihukumiwe

Mwezi wa Februari 2023, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilipiga marufuku baadhi ya vitabu vya ziada maskulini kwa kuwa vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili ya Mtanzania. Miongoni mwavyo vilikuwamo vitabu vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Lakini elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, na Zanzibar ina wizara yake. Kwa hiyo walimu na watumishi wa elimu wa Unguja hawana budi kulijibu wenyewe swali lililozuka: kitabu cha vijana kinapogusa mambo ya watu wazima, na hasa kinapokuwa na mhusika mwenye mapenzi ya jinsia moja au aliyebadili jinsia, kifanywe nini?

Swali hili halikwepeki. Wahusika wa namna hiyo wamo katika bunilizi nyingi za kisayansi na za kinjozi zinazoandikwa kwa ajili ya vijana duniani leo, na kijana wa Mji Mkongwe au wa Makunduchi mwenye simu anaweza kuzipata bila ya kumwomba mwalimu ruhusa.

Ni kweli kwamba sheria ya Zanzibar inakataza vitendo vya mapenzi ya jinsia moja, na msimamo wa dini ya Kiislamu, ambayo ndiyo dini ya wakaazi walio wengi, unafahamika. Hakuna anayemtaka mwalimu ajifanye hayajui hayo. Hata hivyo, kumsoma mtu kitabuni si kutenda alilolitenda. Msomaji wa habari za mwizi hawi mwizi.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2019 Akwaeke Emezi, mwandishi mzaliwa wa Nigeria, alitoa riwaya ya vijana iitwayo Pet. Shujaa wake, Jam, ni msichana aliyezaliwa akidhaniwa mvulana. Katika mji wake watu wazima wamekwisha kutangaza kwamba mazimwi yote yameangamizwa, na kwa sababu hiyo hakuna tena anayeyatafuta. Kumbe zimwi limo ndani ya nyumba ya rafiki yake: ni mtu mzima wa ukoo anayemdhalilisha mtoto mdogo. Mwalimu atakayekitupa kitabu hiki kwa sababu ya Jam atakuwa amekitupa pamoja na onyo ambalo mtoto wa Unguja analihitaji mno. Je, kesi za udhalilishaji wa watoto si zinafikishwa mahakamani hapa hapa Visiwani?

Hapa pana kosa linalofanywa mara kwa mara, nalo ni kuyachanganya mambo mawili. Kumdhalilisha mtoto ni jinai, awe mtendaji mwanamume au mwanamke, na awe mtoto wa kiume au wa kike. Kuwapo kwa mtu mzima aliye tofauti na wengine ni jambo jingine. Anayeyaita yote mawili kwa jina moja humwachia mdhalilishaji mahali pa kujificha, na mtoto aliyedhuriwa hukosa hata neno la kulalamikia.

Fasihi ya nyumbani haikuogopa kusema. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kutunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, ameeleza katika By the Sea (2001) jinsi mfanyabiashara mgeni alivyomrubuni kijana wa nyumba alimofikia. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku maskulini kwa jinsi ilivyoeleza mambo ya mapenzi. Baadaye ikaja kufundishwa madarasani. Waliokuja kuisoma yote waliona kwamba inawakanya wazazi na walimu kuliko inavyowapotosha wasichana.

Tena Kiswahili chenyewe kina hazina katika jambo hili. Mwaka 1969 Ursula K. Le Guin wa Marekani alibuni sayari ya watu ambao kwa kawaida si wanaume wala wanawake. Kiingereza kilimtaabisha: aliwataja kwa kiwakilishi cha kiume, akalaumiwa kwa miaka. Mswahili husema "yeye" na "alikuja", na jinsia haitajwi. Lakini bunilizi zenyewe ziko wapi? Filamu ya Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu wa Kenya na hadithi ya Binti (2015) ya Nnedi Okorafor zina majina ya Kiswahili, ila zimetungwa kwa Kiingereza. Said Ahmed Mohamed alionyesha njia ya kinjozi kwa Babu Alipofufuka (2001). Wa kuwaandikia vijana bado ni wachache mno.

Wajibu, basi, uko wazi. Kwanza, mwalimu akisome kitabu chote kabla ya kukihukumu. Pili, vitabu vipangwe kwa umri, kwani kimfaacho wa miaka kumi na saba huenda kisimfae wa miaka kumi. Tatu, kisomwe na kujadiliwa darasani mbele ya mtu mzima. Marufuku hayamzuii kijana kusoma. Yanamfanya asome peke yake, gizani, bila ya wa kumuuliza.