Chumba cha wahadhiri ndani ya maktaba ya chuo: kwa nini kinatuhusu Kigoma

Msikilizaji wetu, chuo kikuu kinapojengwa, gumzo huwa ni madarasa, mabweni na vibarua kwa vijana. Maktaba hutajwa mwishoni. Na ndani ya maktaba kuna swali ambalo ni nadra kusikika nje ya vikao vya chuo: wahadhiri watengewe chumba chao humo, au wakae meza moja na wanafunzi?

Swali hilo sasa linatuhusu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kimo katika mradi wa serikali wa kukuza elimu ya juu unaoitwa HEET, na kampasi ya Kigoma ni sehemu ya mpango wake. Mradi huo kwa nchi nzima unatokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 za Marekani. Mkopo wa serikali hulipwa na sisi sote, mvuvi wa Kibirizi na mkulima wa kahawa wa Kalinzi wakiwemo. Kwa hiyo matumizi ya kila chumba ni hoja yetu pia.

Mhadhiri anatafuta nini maktaba?

Kazi ya mhadhiri haiishii mbele ya ubao. Anatakiwa kufanya utafiti, kuandika makala na kusimamia wanafunzi wanaoandika tasnifu. Ofisini mara nyingi wako wawili au watatu, na mlango unagongwa kutwa. Makala nyingi za sayansi siku hizi husomwa kwa intaneti, lakini nyingine hulipiwa na chuo, na kuzipata kunahitaji mkutubi anayejua pa kutafuta. Meza tulivu, soketi, intaneti ya uhakika na mkutubi aliye karibu humsaidia mhadhiri kumaliza kazi. Asipoimaliza, somo analofundisha linabaki lile lile mwaka hadi mwaka, na atakayeathirika ni muuguzi au tabibu atakayekuhudumia kwenye zahanati ya kijiji chako.

Hoja ya viti

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizinduliwa Novemba 2018. Inachukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na ina nafasi ya vitabu 800,000. Ni kubwa, lakini wanafunzi wa chuo hicho ni wengi mara nyingi kuliko viti hivyo.

Kampasi changa itakuwa na maktaba ndogo zaidi. Tuchukue mfano wa viti 300. Ukitenga 20 kwa wahadhiri, umetoa kiti kimoja katika kila 15. Wiki ya mitihani, mwanafunzi aliyepanga chumba cha pamoja Mwanga au Katubuka, asiye na meza wala taa nzuri ya kusomea, atasimama mlangoni huku viti 20 vikiwa vitupu nyuma ya kufuli. Hapo chumba kimekuwa cha cheo.

Kazi ndiyo iamue

Njia ya kutoka hapo ni kutenga nafasi kwa sababu ya kazi inayofanyika ndani yake. Mfano upo hapa hapa nchini. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu iitwayo East Africana, inayohifadhi machapisho na nyaraka za Afrika Mashariki. Vitabu vyake havitoki. Mtafiti huvisomea humo humo. Kizuizi hicho kinaeleweka, kwa sababu ukipoteza nakala ya nadra huenda usiipate tena.

Kigoma tuna sababu ya namna hiyo. Utafiti wa sokwe wa Gombe ulianza mwaka 1960, lakini kumbukumbu zake za miongo mingi zilikusanywa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota na baadaye Duke. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, ufukweni mwa ziwa, na kipindupindu kikazuka. Mhadhiri wa afya atakayefundisha Kigoma atahitaji taarifa za tukio kama hilo karibu naye: maji yalichotwa wapi, wagonjwa walisafirishwaje, nini kilisaidia. Chumba cha wahadhiri kikiwekwa jirani na rafu za tafiti za mkoa huu, kina faida kwa mhadhiri, kwa mwanafunzi anayesimamiwa naye, na kwa afisa afya wa halmashauri anayekuja kuuliza.

Ya kuuliza mapema

Ukuta ukishasimama, kuuhamisha ni gharama. Maswali yaulizwe michoro ikiwa bado mezani. Je, wahadhiri watakaotumia chumba kwa siku moja ni wangapi, na nani amewahesabu? Je, samani zinahamishika, ili chumba kipanuliwe au kipunguzwe? Je, jioni na wiki za mitihani mwanafunzi ataruhusiwa kuingia? Je, kuna umeme wa akiba, maana Kigoma tunajua ilivyo kuishi kwa jenereta? Na je, baada ya mwaka mmoja matumizi yatapimwa, ili viti visivyokaliwa virudi kwa wanafunzi?

Maswali haya hayahitaji shahada. Diwani na mbunge wanaweza kuyafikisha kwa uongozi wa chuo, nawe unaweza kuyafikisha kwao kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Chumba cha wahadhiri kinafaa kuwepo, mradi kigawanywe kwa hesabu, na ufunguo wake usiwe wa wakubwa peke yao.