Mteja wa kitochi naye ana hela

Wafanyabiashara wenzangu, leo nasema jambo ambalo najua wengine mtanipinga.

Nauza mashuka na vitenge mtandaoni. Niko Dar, mizigo ya mikoani natuma kwa basi. Sharti langu lilikuwa moja: ukilipa, nitumie skrinishoti WhatsApp ndo nifunge mzigo. Nilijiona makini kweli.

Mwezi uliopita akanipigia mama mmoja wa Kilosa. Picha za mashuka alionyeshwa na binti wa jirani. Akataka pea sita, za wenzake wa kikundi. Akalipa. Nikamwambia, "Mama, naomba skrinishoti." Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mimi simu yangu ya kubonyeza. Kwani hela haijafika?"

Ilikuwa imefika. Meseji ninayo, jina lake lipo, kiasi kipo. Na bado nikang'ang'ania atafute mtu mwenye simu janja ampigie picha ile meseji. Binti yuko shule. Mzigo ukalala siku mbili. Mama akaomba hela yake, nikarudisha, na makato nikabeba mimi.

Hivi lile sharti lilikuwa linanilinda na nini? Skrinishoti inatengenezwa. Matapeli wanajua, na meseji feki wanatuma pia. Uthibitisho wa malipo haupo kwenye simu ya mteja, upo kwenye salio lako wewe. Ingia kwenye menyu, angalia salio, basi.

Halafu tumesahau tulikotoka. M-Pesa ilianza Kenya 2007, ikaja kwetu 2008, na watu waliizoea kwenye simu hizi hizi za kubonyeza. Mpaka leo ukipiga *150*00# huulizwi bando.

Lakini siku hizi kila kona ni "pakua programu". Asiye na simu janja anaambiwa akope, alipe kidogo kidogo kila siku, na akichelewa simu inafungwa. Yaani mtu aingie deni ili anunue shuka kwangu? Hapana. Simu janja ni nzuri, mimi mwenyewe ndo inaniweka mjini. Ila mtu ainunue kwa sababu ana kazi nayo, siyo kwa sababu muuzaji kamfungia mlango.

Nilichobadilisha ni hiki:

1. Kwenye tangazo naweka namba ya kupiga ya kawaida, na Lipa Namba naiandika kwa tarakimu. Siweki ile picha ya kuskani peke yake.

2. Mteja akilipa, naangalia salio mwenyewe. Mzigo ukitoka namtumia meseji ya kawaida: jina la basi, namba ya risiti ya mzigo na simu ya ofisi ya basi huko unakofikia.

3. Laini ya malipo nimeihamishia kwenye kitochi. Simu janja ikizima chaji au bando likikata, biashara haisimami.

Yule mama nilimpigia kumwomba radhi. Akanijibu kwa upole tu, "Haina shida mwanangu, tumeshanunua Morogoro mjini."

Pea sita hizo, na wenzake wote wa kikundi wameshajua duka la Morogoro.

Wewe mteja wa kitochi unampokeaje? Tuambizane hapa chini.