Kijana Mwenye Kutegemewa Hapotei Upesi

Juma hili tunapenda kuzungumza juu ya jambo linalozigusa kota zetu zote, za askari jeshi na za askari polisi. Nalo ni kijana aliyepotoka, na njia ya kumrudisha. Kila mmoja wetu anamfahamu kijana wa namna hiyo. Pengine ni mtoto wa jirani aliyeacha shule, na sasa hushinda njiani pamoja na wavuta bangi. Pengine ni wa ndugu yetu. Na pengine, tusifichane, analala chini ya paa letu wenyewe. Wazazi wanapokutana bombani au bwaloni humtaja kwa sauti ya chini, na rai zao huwa mbili. Mmoja husema apigwe mpaka ashike adabu. Mwingine husema aachwe tu, kwani asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Ipo filamu ya Kimarekani inayozijibu rai zote mbili, na yafaa kutazamwa na baba, mama na vijana wao wakubwa, wakiwa wameketi pamoja. Jina lake ni Gridiron Gang. Ilitolewa mwaka 2006 chini ya uongozi wa Phil Joanou, na mchezaji wake mkuu ni Dwayne Johnson, yule mpiga mieleka wa zamani ajulikanaye kwa jina la The Rock. Hadithi yake haikubuniwa tupu. Mwaka 1990, katika kambi ya kurekebisha vijana wahalifu iitwayo Kilpatrick, kwenye vilima vya Malibu karibu na jiji la Los Angeles, afisa mmoja aitwaye Sean Porter aliongoza timu ya mpira wa Kimarekani iliyoundwa na vijana waliofungwa humo. Timu hiyo iliitwa Mustangs. Mtengenezaji filamu Lee Stanley aliwafuata na kamera yake, na mwaka 1993 akatoa filamu ya mambo halisi yenye jina hilo hilo. Hiyo ndiyo iliyozaa hii ya maigizo.

Huyu Porter, katika filamu, ni mtu wa sare na amri kama wengi wetu. Kazi yake ni kuwalinda vijana walioiba, waliouza madawa ya kulevya na waliopiga watu risasi. Anawaamsha alfajiri, anawapanga mistari, anawahesabu, anawalaza. Nao wanatii, kwa sababu hawana pa kukimbilia. Lakini jambo moja linamnyima usingizi. Kijana akimaliza muda wake hutoka langoni akiwa ametii amri zote, na baada ya muda mfupi hurudishwa na pingu mikononi, au habari huja kwamba ameuawa barabarani. Porter anatambua kwamba utii uliokuwa ukionekana kambini ulikuwa wa lango na ufunguo. Lango likifunguliwa, utii nao huishia hapo.

Ndipo anapoomba ruhusa, yeye na mwenzake Malcolm Moore, ya kuunda timu. Wakubwa wake wanasita. Shule za nje nazo zinasita kuwaleta watoto wao wacheze na wahalifu. Mwishowe anakubaliwa, na kazi inaanza.

Hapa yafaa tueleze kidogo huo mchezo, kwani haufanani na kandanda yetu. Kila upande una watu 11. Mpira wake una umbo la yai, na mara nyingi huchukuliwa mikononi. Upande wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani mita zipatazo 9. Wakishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Jina la gridiron, ambalo kwa asili ni wavu wa chuma wa kuchomea nyama, limetokana na mistari iliyochorwa uwanjani. Jambo kubwa la kuzingatia ni hili: mkimbizaji wa mpira hawezi kupita peke yake hata akiwa na miguu ya swala. Mbele yake wapo wenzake wenye miili mizito, ambao kazi yao ni kusukumana kifua kwa kifua na wapinzani ili wamfungulie njia. Watu hao wa mstari wa mbele aghalabu hawaugusi mpira tangu mwanzo hadi mwisho. Jina lao halitangazwi. Ila mmoja wao akilegea kwa nukta moja tu, mkimbizaji huangushwa chini palepale.

Askari anayesoma maneno haya hana haja ya kufafanuliwa zaidi. Yeye anajua maana ya kusonga mbele huku mwenzako akikulinda ubavuni. Anajua pia kwamba lindo la usiku halina makofi, na kwamba kombania nzima hulala kwa kuwa mtu mmoja yu macho.

Sasa, kambini Kilpatrick wamo vijana wawili ambao filamu inatuonyesha zaidi kuliko wengine. Mmoja ni Willie Weathers, mwepesi wa miguu, aliyefungwa baada ya kumpiga risasi mwanamume aliyekuwa akiishi na mama yake. Mwingine ni Kelvin Owens, ambaye ni wa genge lililo hasimu wa genge la Willie. Huko mitaani, kila mmoja wao angehesabu ushujaa kumwua mwenziwe. Uwanjani wanavishwa jezi moja. Willie anapewa mpira akimbie, na njia yake inafunguliwa na mabega ya vijana ambao jana angewaona ni maadui. Porter hawahubirii sana juu ya kupatana. Anawapa kazi ambayo hakuna awezaye kuifanya bila mwenzake, kisha anaacha kazi hiyo iwafunze.

Si kwamba mambo yanakwenda vema mara moja. Mechi ya kwanza, dhidi ya shule iitwayo Barrington, wanafungwa 38 kwa 0. Vijana waliozoea kutisha watu mitaani wanarudi kambini wamevunjika moyo. Porter mwenyewe ana mzigo wake. Mama yake ni mgonjwa wa saratani na anafariki, na moyoni anabeba chuki dhidi ya baba aliyemtesa utotoni. Anapomtazama Willie anajiona yeye mwenyewe. Kwa hiyo huyu kamanda si malaika aliyeshuka kuwaokoa wakosefu. Ni mtu aliyeumizwa, anayejifunza kusamehe pamoja nao, na labda ndiyo maana wanamwamini.

Kadiri majuma yanavyopita, ushindi unaanza kuja, na hata Barrington wanashindwa walipokutana nao tena. Lakini ushindi mkubwa wa filamu hii haukuandikwa kwenye ubao wa mabao. Watu wa genge la Kelvin wanafika mechini kumtafuta Willie, na bastola inatolewa. Kelvin, ambaye hapo awali angefurahia kifo cha kijana yule, anasimama kumtetea na kupigwa risasi ya bega. Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo, wala hapakuwa na filimbi. Utii wa ufunguo ungemwacha ajifiche. Kilichomsimamisha ni kwamba kwa miezi kadhaa Willie alikuwa amemtegemea, naye akamtegemea Willie, mpaka ule uadui wa mitaani ukapoteza maana.

Yafaa tuseme pia habari za mchezaji Dwayne Johnson mwenyewe, maana yeye amesimulia waziwazi kwamba katika ujana wake alikamatwa na polisi mara kadhaa. Alipokuwa mwanafunzi wa sekondari katika mji wa Bethlehem, jimbo la Pennsylvania, siku moja aliingia msalani mwa walimu. Mwalimu Jody Cwik alimwamuru atoke, naye akamjibu kwa ufidhuli. Kesho yake dhamiri ilimsuta, akamwendea mwalimu yule na kumwomba radhi. Mwalimu angeweza kumfukuza au kumwadhibu. Badala yake alimpa mkono, akamwambia anamtaka kwenye timu ya mpira. Kijana yule akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Miami, na alikuwamo katika timu ya chuo hicho iliyotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1991. Mambo yote hayo yalianza kwa mtu mzima mmoja aliyeuona mwili wa kijana mkorofi, akafikiri mwili ule ungeweza kufaa wapi.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusidanganywe na utamu wa hadithi. Filamu yenyewe haitudanganyi. Inapokaribia kwisha inaeleza yaliyowapata vijana wale baadaye. Baadhi walipata shule na kazi. Wengine walirudi gerezani. Mmoja aliuawa kwa risasi. Timu ilikuwa ile ile, kocha yule yule, jasho lile lile, lakini miisho ikatofautiana. Kwa nini? Kwa sababu msimu wa mpira una siku ya mwisho. Kijana akivuka lango hurudi kwenye mtaa ule ule, kwa watu wale wale, na pengine kwenye nyumba ambayo hakuna anayemngoja. Akikuta genge ndilo pekee linalomhitaji, atakwenda kwenye genge. Huko nako kuna jezi, kuna wenzi, na kuna kazi ya kumfanyia mwenziwe. Tukilisahau hilo hatutafahamu kamwe kwa nini watoto wenye akili timamu hufuata wezi.

Serikali ya Kaunti ya Los Angeles ilikifunga kituo kile cha zamani mwaka 2014, ikakibomoa, na mwaka 2017 ikafungua kipya mahali pale pale. Mabweni makubwa yaliyofanana na kambi za makuruta yaliondolewa, zikajengwa nyumba ndogo ambamo vijana hukaa kwa vikundi vidogo na walezi wanaowafahamu. Maana yake ni rahisi kueleweka na mzazi yeyote. Kijana hubadilika akiwa mahali anapojulikana kwa jina, ambapo akikosekana pengo lake linaonekana.

Basi, tuzirudie zile rai mbili za wazazi wetu. Anayesema apigwe, ajue kwamba fimbo hutoa utii wa muda ambao fimbo ipo mkononi. Anayesema aachwe kwa ulimwengu, na ajiulize ulimwengu huo ni nani. Kwa vijana wa Kilpatrick ulimwengu ulikuwa genge kwanza, halafu pingu. Afisa mwenye moyo alikuja nyuma kabisa, baada ya damu kumwagika. Kwa nini tungoje hadi zamu hiyo, hali ya kuwa maafisa wenye moyo wamejaa katika kota zetu wenyewe?

Tunalopendekeza si gumu. Mpe kijana wako kazi ambayo watu wengine wanaitegemea kweli, wala isiwe ya kumshughulisha tu. Awe ndiye mwenye kumpeleka bibi yake zahanati. Awe mwenye kutunza mipira ya timu ya watoto wa kota, au mwenye kuwafundisha wadogo zake hesabu kila jioni. Akikosea, aonywe, lakini asinyang'anywe mara moja kazi ile, maana ndiyo kamba inayomshikilia. Kocha wa timu ya kota naye akumbuke kwamba kijana mkorofi akifukuzwa mazoezini haendi nyumbani kusoma.

Baba, ukitoka lindoni, pita uwanjani ukamtazame mwanao akicheza, hata kwa robo saa. Gwarideni unawajua kwa majina wale wote walio chini yako. Je, unawajua rafiki watatu wa mwanao? Mama, usibebe mzigo huu peke yako kwa kumstahi baba, kwani mkono mmoja haulei mwana. Na jirani, unapomwona mtoto wa mwenzio njiani saa za shule, mwite kwa jina lake.

Siku moja utaitwa kazini mbali, kwa mwezi au kwa mwaka, na kijana wako atabaki nje ya lango bila filimbi wala amri. Siku hiyo hatazuiwa na hofu ya sauti yako. Atazuiwa na mtu anayemngoja mahali fulani, anayejua kwamba bila yeye kazi haiendi. Mtafutieni mtu huyo mapema, na ikiwezekana awe ni ninyi wenyewe.