Cohen hakugeuka

Leo nina ugomvi na neno moja tu. Neno lenyewe ni "aligeuka".

Novemba 2016, habari za kifo cha Leonard Cohen zilipotufikia, niliandika makala fupi ya kumuaga. Kesho yake nikafungua gazeti nikakuta kichwa cha habari ambacho sikukiandika mimi: eti marehemu alikuwa "Myahudi aliyegeuka Mbudha". Nikauliza. Nikajibiwa kwamba msomaji anataka kujua mtu ni wa upande gani, na kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Nilikuwa mgeni kazini, nikanyamaza. Miaka imepita, na bado kila akitajwa vijiweni nasikia maneno yale yale. Sasa basi, ngoja niseme.

Kwanza nimtendee haki mhariri wangu. Kisingizio anacho. Cohen alizaliwa Montreal, Canada, mwaka 1934, kwenye ukoo wa Kiyahudi ulioheshimika. Babu yake mzaa mama alikuwa rabi na msomi wa Talmudi. Hata hilo jina Cohen maana yake ni kuhani. Huyo mjukuu wa rabi, tayari akiwa maarufu dunia nzima, akapanda Mount Baldy, mlima ulio karibu na Los Angeles, akaishi kwenye kituo cha Zen chini ya mwalimu wa Kijapani, Joshu Sasaki. Akanyoa kichwa. Akampikia mwalimu wake. Mwaka 1996 akawekwa rasmi kuwa mtawa na kupewa jina la Jikan. Ukiishia hapo, "aligeuka" inaingia vizuri kabisa.

Tatizo ni kwamba mhariri aliishia hapo.

Mwaka 1984 Cohen alitoa kitabu kinachoitwa Book of Mercy. Ndani yake mna sala 50, zimejengwa kama zaburi, na anayeambiwa maneno yale ni Mungu wa Israeli. Na wakati anaziandika alikuwa ameshakaa miguuni pa Sasaki zaidi ya miaka kumi. Mnaona? Kukaa kimya juu ya mkeka wa Zen hakukumfunga mdomo mbele ya Mungu wa babu zake. Halafu twende mbele. Septemba 2009, miaka 13 baada ya kuvaa joho la utawa, alifanya onyesho Ramat Gan, Israeli. Mwishoni akainua mikono, akawabariki maelfu ya watu kwa Kiebrania, kwa baraka ya makuhani, kama ukoo wake ulivyorithishwa. Na albamu iliyotoka wiki chache kabla hajafa, You Want It Darker, ina kwaya ya sinagogi la utotoni mwake. Makaburi ya sinagogi hilo hilo ndiko alikozikwa.

Sasa niambieni, huyo aligeuka kwenda wapi?

Na hayuko peke yake. Mchukueni Allen Ginsberg, mshairi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1926 huko Newark. Mama yake, Naomi, aliugua akili miaka mingi na akafia hospitalini mwaka 1956. Mtoto alikuwa California, mbali. Wayahudi wana sala ya waombolezaji iitwayo Kaddish, na kwa desturi haisomwi mpaka watimie wanaume kumi. Siku ya maziko ya Naomi hawakutimia. Mama akafukiwa bila sala yake. Mtoto akabaki na deni, akalilipa kwa shairi refu aliloliita Kaddish, lililochapishwa mwaka 1961. Mwanzoni mwa shairi hilo mambo ya Kiebrania na ya Kibudha yanatajwa kwa pumzi moja. Mwaka 1972 Ginsberg akala kiapo cha Kibudha mbele ya mwalimu wa Kitibeti, Chögyam Trungpa. Basi, kumbe ndiyo mwisho wa Uyahudi wake? Hapana. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1994, Cosmopolitan Greetings, mna shairi lenye jina la Kiyidi, maana yake "kichwa cha Kiyahudi", ambamo anataja sababu za kuwa yeye ni Myahudi. Alipofariki mwaka 1997, sehemu ya majivu yake ilizikwa kwenye makaburi ya Kiyahudi, kwa jamaa zake.

Nafikiri lugha yetu nayo inatuponza. Tuna kusilimu, tuna kubatizwa, tuna kuokoka, tuna kuritadi. Yote ni maneno ya mtu aliyevuka kizingiti na kufunga mlango nyuma yake. Hatuna neno jepesi la mtu aliyekwenda kusoma kwa jirani, jioni akarudi kulala kwao. Kwa hiyo tukimwona mlangoni kwa jirani tunapiga yowe: kahama!

Lakini Uyahudi hauhami hivyo. Sheria ya marabi inasema aliyezaliwa na mama Myahudi ni Myahudi, apende asipende. Ni imani, ndiyo, lakini pia ni damu, lugha, chakula, misiba na makaburi. Zen kwa upande wake haimdai mtu amkiri muumba fulani. Inamtaka akae, anyooshe mgongo, aangalie pumzi yake. Ni vitu viwili visivyogombea kiti kimoja.

Hapo sasa nasikia wengine wanashangilia: "Safi kaka, dini zote ni moja!" Na nyinyi poleni, siko upande wenu. Dini zote si moja. Kuinama mbele ya sanamu ni jambo zito sana kwa Myahudi anayezijua Amri Kumi, na wapo waliokaa kwenye vituo vya Zen jambo hilo likiwakereketa moyoni kila siku. Zaburi inamwita Mungu kwa jina, inamlilia, inamlalamikia. Mkeka wa Zen haumwiti mtu. Mashairi ninayoyasema yametoka hapo hapo kwenye mvutano. Ukisema ni kitu kimoja unaua mvutano, na ukiua mvutano umeua shairi.

Mfano mzuri ni Norman Fischer. Ni mshairi, ni Myahudi, ni kasisi wa Zen, na aliwahi kuongoza kituo kikubwa cha Zen cha San Francisco. Huyu zaburi zilimsumbua, maana zimejaa maadui na visasi. Angeweza kuziacha kabatini. Badala yake alikaa nazo akazifasiri upya kwa Kiingereza, na mwaka 2002 kikatoka kitabu, Opening to You. Mtu aliyegeuka hahangaiki hivyo na kitabu cha nyumba aliyoihama.

Jingine ambalo mtaniuliza: vipi kuhusu hao walimu wenyewe? Swali la haki. Mwaka 2012 tuhuma za miaka mingi kwamba Sasaki aliwadhalilisha wanawake kingono zilitoka hadharani. Trungpa pombe ilimmaliza mwaka 1987. Sitawatetea. Ila hiyo ni hoja dhidi ya walimu. Haimsaidii mhariri wangu na "aligeuka" yake.

Na kuna wakati hata jirani alikuja kusoma kwao. Mwaka 1990 ujumbe wa Wayahudi ulikwenda Dharamsala, India, kuonana na Dalai Lama. Watibeti walikuwa uhamishoni tangu mwaka 1959, na yeye alitaka kujua Wayahudi waliwezaje kudumu karne zote zile wakiwa ugenini. Mshairi Rodger Kamenetz alikuwamo kwenye safari hiyo, akaandika The Jew in the Lotus, iliyotoka mwaka 1994. Alikwenda kuangalia dini ya wengine. Akarudi na hamu ya kuijua ya kwao, ambayo hakuwa ameijali sana.

Nirudi kwa yule fisi. Njia mbili zilimshinda kwa sababu alinusa nyama huku na huku, akazitaka zote, akapasuka msamba. Fisi alifuata tumbo. Ginsberg alikuwa anafuata deni la mama yake. Cohen alipanda mlima akanyamaza, akashuka akiwa bado anazijua baraka za babu zake kwa moyo.

Kwa nini linaniuma hivi? Kwa sababu mimi bibi yangu mmoja aliniamsha kwa adhana na wa pili kwa kengele ya kanisa, na tangu shule ya msingi naulizwa niko upande gani. Siyo kila anayeuliza ana ubaya. Lakini mwandishi anayemzika mtu kwa neno moja, tena neno la uongo, anamnyima haki ya mwisho aliyobakiza.

Mhariri wangu, kama unasoma: marehemu hakugeuka. Deni la masahihisho bado unadaiwa.