Si kila mtu aambiwe afumbe macho

Mgonjwa wangu mmoja kutoka Kangemi, ambaye hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini, alienda kwenye darasa la kutuliza akili. Mwalimu akawaambia wote wafumbe macho na kusikia vidole vya miguu vikigusa sakafu. Alitoka pale na uchungu kuliko alivyoingia. Sikumlaumu.

Mazoezi haya si porojo. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn aliyaingiza hospitalini huko Massachusetts, Marekani, na wengi waliopelekwa kwake walikuwa na maumivu sugu yaliyoshinda dawa. Kiini chake ni kuelekeza fikira kwenye jambo moja linalotendeka sasa hivi, na zikitangatanga, kuzirudisha bila kujigombeza. Si lazima jambo hilo liwe vidole vya miguu.

Aliyeumia uti wa mgongo, kama wanaotibiwa kwenye ile hospitali ya Lenana Road, aanzie usoni au mabegani, popote hisia zilipo. Aliyeumia shingoni huenda kupumua kwenyewe ni kazi; asilazimishwe kuhesabu pumzi. Autazame mvuke wa kikombe cha chai, yatosha. Kiziwi naye ukimfumbisha macho umemkatia mazungumzo, maana kwa macho ndipo anaposoma ishara.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni la katikati ya jiji. Agosti 7, 1998, kabla bomu halijalipuka kwenye ubalozi wa Marekani, watu wengi walikimbilia madirishani kutazama mshindo wa kwanza ulikuwa wa nini. Vioo vikawapata machoni. Zaidi ya watu 200 walikufa, maelfu wakajeruhiwa, na wapo waliobaki vipofu. Mtu kama huyo ukimwambia asikilize kwa makini sauti za barabarani, gurudumu moja likipasuka huenda likamrudisha siku ile. Mpe kitu cha kushika mkononi. Mketishe karibu na mlango, na umwambie mapema kwamba aweza kuacha wakati wowote. Akianza kutetemeka, zoezi likome na amwone daktari.

Wala tusidanganyane: utulivu haujengi njia ya kiti cha magurudumu. Mgonjwa wangu sasa hufanya zoezi lake la dakika tano kituoni, kando ya Waiyaki Way, akingoja matatu itakayokubali kubeba kiti chake. Siku nyingine dakika tano hugeuka arobaini.