WAKALA WA MIZIGO SI DALALI

Wanachama wenzetu,

Zimetufikia barua kutoka matawi mawili, na mabarazani pia tumesikia maneno, ya kwamba katika mkutano mkuu ujao litaletwa shauri la kuacha kumlipa wakala anayetupelekea mizigo yetu ng'ambo. Wenye shauri hili wasema: "Shamba letu, jasho letu, mnunuzi tumempata wenyewe, huyu wa katikati ala nini?" Swali hili ni la haki, maana kila mwanachama anayo haki ya kujua fedha zake ziendako. Kwa hiyo twaona ni wajibu wetu kutoa rai yetu mapema, ili watu waje mkutanoni wamekwisha kulipima jambo lenyewe.

Kwanza tubainishe ni mali gani tunayoizungumza. Karafuu haimo katika shauri hili. Karafuu ina njia yake iliyowekwa na sheria, nayo hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC, ambalo ndilo liipelekalo nje. Sisi twazungumza juu ya pilipili manga, mdalasini, hiliki na manjano, vitu ambavyo wengi wetu tumevipanda kati ya mikarafuu ili tusikae mikono mitupu katika miaka ambayo mikarafuu haikuzaa. Hivi tunayo ruhusa ya kuvitafutia soko wenyewe, na ndipo lilipoanzia suala la wakala.

Sasa twaomba watu wasichanganye majina mawili. Dalali twamjua. Dalali hukaa kati ya mwenye mali na mnunuzi. Bei ya huku aijua yeye, na bei ya kule aijua yeye, na riziki yake imo katika tofauti ya bei hizo mbili. Wakala wa mizigo hanunui hata punje moja. Bei tumekwisha patana sisi na mnunuzi, imeandikwa katika ankra, na ikipanda au ikishuka yeye haimhusu. Alipwacho ni ujira wa kazi: kukata nafasi melini, kutayarisha hati, kuupitisha mzigo forodhani, kusimamia upakiaji, na kuufuatilia mpaka ufike. Ujira wake ni wa namna moja na ujira wa mchumaji na wa mwenye gari. Hakuna katika sisi asemaye kwamba mchumaji amemdhulumu kwa kuwa amelipwa.

Na historia ya karafuu yenyewe imetufunza kwamba kuwa na mali ni jambo moja, na kuwa na njia ni jambo jingine. Mwaka 1937 sheria ilikipa chama cha wakulima wa karafuu cha zama zile mamlaka ya peke yake juu ya kupeleka karafuu nje. Wafanyabiashara wa India, waliokuwa wanunuzi wakubwa, wakaigomea karafuu ya Zanzibar, na biashara ikazorota mpaka yalipopatikana maafikiano mwaka 1938. Hatutaki kufufua ugomvi wa wazee. Twasema tu kwamba mali ikiwa ghalani, na njia ya kuifikisha haijulikani, mwenye mali hana nguvu.

Tuwatazame wenzetu wa kahawa, kwa kuwa wametutangulia sana katika kazi hii. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha wapandaji kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikasimama chama cha ushirika cha KNCU, mjini Moshi. Kahawa ya Mbale, huko Uganda, haina bahari kabisa. Yabidi ivuke nchi nzima ya Kenya ndipo iione meli Mombasa. Juu ya ukongwe wote huo, biashara ya kahawa haijaachana na mawakala wa mizigo. Yafaa tujiulize kwa nini.

Jibu la kwanza ni maji. Kahawa ni kitu kikavu kinachonyonya maji, kama ilivyo pilipili manga yetu. Shirika la Kimataifa la Kahawa limependekeza kwamba kahawa isafirishwe ikiwa na unyevu usiopungua asilimia 8 wala kuzidi asilimia 12.5. Kontena moja la futi 20 huchukua magunia 320 hivi ya kilo 60, yaani tani 19 na ushei, na hata kahawa iliyokauka vizuri bado ina maji ndani yake. Kontena likitoka katika joto la kwetu likaingia katika baridi ya Ulaya, mvuke hugeuka maji juu ya paa la chuma, na maji yale hudondoka juu ya magunia kama mvua. Mnunuzi afunguapo mlango hukuta ukungu.

Wakala ajuaye kazi yake haanzi kupakia kabla hajalikagua kontena. Huingia ndani, mlango ukafungwa, akatazama kama kuna tundu lipitishalo mwanga. Hunusa kama kontena lilichukua samaki, dawa au mafuta safari iliyopita, kwani kahawa hushika harufu, na mdalasini nao haufai kuchezewa hivyo. Hutandika karatasi nzito kila upande, na hutundika vifuko vya kunyonya unyevu. Mambo haya si siri, lakini anayeyafanya mara moja kwa mwaka hawezi kuwa sawa na anayeyafanya kila wiki.

Jibu la pili ni karatasi. Mzigo wa viungo uendao Ulaya wahitaji ankra, orodha ya magunia na uzito wake, cheti cha afya ya mimea, cheti cha asili ya mali, pengine cheti cha kufukizia dawa, na hati ya shehena itolewayo na wenye meli. Karatasi zote hizi lazima ziseme neno moja. Ankra ikisema magunia 40 na cheti kikasema 42, au jina la mnunuzi likaandikwa hivi hapa na vile pale, mzigo husimamishwa. Na mzigo uliosimama bandarini haukai bure. Siku za msamaha zikiisha, bandari hutoza mahali ulipowekwa, na wenye kontena hutoza kontena lao, siku baada ya siku, iwe Ijumaa au sikukuu.

Kadhalika sheria hubadilika. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kwa kanuni ya kimataifa ya usalama wa baharini, kontena haliruhusiwi kupakiwa melini mpaka uzito wake kamili uwe umethibitishwa na kuandikwa. Machaga ya mbao yanayowekwa chini ya magunia nayo, katika nchi nyingi, hayapokelewi ila yawe yametiwa joto au dawa na kupigwa muhuri. Mkulima aliyeko shambani Konde au Mtambile atayajuaje haya yote, na yakibadilika mwakani ni nani atakayemwambia?

Jibu la tatu latugusa sisi zaidi ya watu wa kahawa: mzigo wetu ni mdogo. Tuchukue mfano. Wanachama wanane, kila mmoja ana kilo 300 za pilipili manga. Jumla ni kilo 2,400. Hizi hazijazi kontena wala robo yake. Kukodi kontena zima kwa ajili yake ni kulipia hewa. Wakala hukusanya mizigo ya watu mbalimbali waendao upande mmoja, kila mtu akalipa sehemu yake. Tena mzigo wa namna hii hulipiwa kwa tani au kwa mita ya ujazo, ile iliyo kubwa zaidi. Mdalasini ni mwepesi lakini wataka nafasi, kwa hiyo tunalipia nafasi wala si uzito. Vijiti vikikatwa kwa kipimo kimoja na kupangwa vizuri katika maboksi, gharama hupungua bila ya kupunguza hata kilo moja ya mali. Shauri kama hili hutolewa na wakala mzuri kabla mzigo haujafungwa.

Wala tusisahau tunakaa wapi. Meli kubwa ziendazo Ulaya hazitii nanga Mkoani wala Wete. Mzigo wetu huvuka kwanza, ukahamishwa bandari nyingine, na kila uhamishwapo pana hatari ya kupotea, kulowa au kukosa meli. Tena mwishoni mwa mwaka 2023 meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi ziliziongoza meli zao kuzunguka kusini mwa Afrika, safari ikarefuka kwa siku kumi na zaidi na nauli ikapanda. Katika wakati kama huo, asiye na mtu wa kumpa habari humwahidi mnunuzi tarehe asiyoweza kuitimiza.

Hatusemi kwamba kila ajiitaye wakala ni mtu mwema. Wapo wavivu, na wapo wanaoongeza gharama zisizo na jina. Kwa hiyo badala ya kumfukuza wakala, sisi twashauri tumtumie kwa masharti, nayo ni haya.

Moja, awe na leseni ya uwakala wa forodha iliyotolewa na TRA, na nakala yake tuiweke katika jalada la chama. Mbili, kabla ya kila msimu tutake bei kwa maandishi kutoka kwa mawakala watatu, kila gharama katika mstari wake: nauli, forodha, bandari, hati, na ujira wake yeye. Neno "mengineyo" tusilikubali. Tatu, bima ya mzigo iandikwe mbali. Wakala si bima; kwa kawaida masharti ya mawakala yana kikomo cha fidia, na kikomo hicho aghalabu hakifikii bei ya mali yenyewe. Nne, hati ya shehena ya asili isitoke mikononi mwa chama ila kwa njia tuliyopatana na mnunuzi na benki, maana aishikaye hati hiyo ndiye awezaye kudai mzigo. Tano, kila mzigo utokapo, kijana mmoja wa tawi afuatane nao hadi bandarini, ashuhudie mizani na upakiaji, na arudi kutufundisha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ama kwa wale wasemao kwamba ujira wa wakala ni mzigo mzito kwa mkulima mdogo, hatuwapuuzi. Twawaomba tu wakumbuke kwamba ujira huo huonekana kwa sababu umeandikwa. Ukungu, kontena lililochelewa, na mnunuzi aliyekwenda kwa wengine havina mstari katika ankra yoyote, nasi ndio tunaovilipia. Mnunuzi aliyepokea pilipili mbovu mara moja hatatuuliza kama tuliokoa ujira wa wakala.

Shauri litakuwa mbele ya mkutano, na mkutano ndio wenye kauli. Mwanachama atakayetaka kuona hesabu za mizigo ya msimu uliopita, pamoja na stakabadhi za wakala, aje ofisini siku yoyote ya kazi kabla ya mkutano. Vitabu viko wazi, na aje na kalamu yake.

Katibu