Mfumo usiseme "hakuna" kabla haujatafuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze kero inayowaumiza watu wengi, hasa wazee, wajane na wale wanaofuatilia mirathi. Ofisi zetu za umma zimehamisha kumbukumbu kutoka kwenye majalada kwenda kwenye kompyuta, na hilo ni jema. Lakini sehemu ya kutafutia imetengenezwa vibaya kiasi kwamba taarifa zimo ndani ya mfumo, na mwenye nazo anaambiwa hazipo.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wilayani Muheza. Hivi karibuni nilimsaidia mama mmoja aliyefiwa na mumewe kutafuta kumbukumbu za marehemu kwenye mfumo wa ofisi moja ya umma. Kitambulisho cha marehemu kinasomeka Athumani Mohamedi. Tuliandika jina hilo herufi kwa herufi, mfumo ukajibu: "Hakuna taarifa." Yule mama aliamini. Akaanza kuulizia jinsi ya kula kiapo kwamba kumbukumbu zimepotea, na ndugu wa marehemu nao wakaanza kunong'ona kwamba huenda hazikuwahi kuwepo. Ni karani mmoja mkongwe aliyetuokoa. Alimuuliza mama jina la babu wa marehemu na kijiji alichozaliwa, kisha akaandika Othman Muhammad. Kumbukumbu ikatokea pale pale, kijiji na mwaka vikiwa sawasawa.

Ndugu Mhariri, hakuna Mtanzania asiyejua kwamba majina yetu yameandikwa kila mahali kwa namna yake. Fatuma wa cheti cha kuzaliwa ni Fatma shuleni na Fatima kwenye kadi ya kliniki. Khadija ni Hadija, Ally ni Ali, Yohana wa kanisani ni John kazini. Karani wa zamani aliandika alivyosikia, na aliyeingiza taarifa kwenye kompyuta akanakili alichokiona. Mfumo unaodai herufi zote zilingane unamtaka mwananchi akisie karani yule alisikia nini miaka 40 iliyopita.

Wenye majina kama Ng'wandu wana shida ya ziada. Baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda, wakati iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya ofisi imenyooka. Kwa macho yetu ni alama ile ile. Kwa kompyuta ambayo haikufundishwa kuzichukulia kuwa kitu kimoja, hizo ni alama mbili tofauti, na jibu linakuwa lile lile la "hakuna".

Halafu kuna fomu yenyewe. Kwenye baadhi ya mifumo, kabla ya kutafuta unatakiwa kujaza namba ya jalada, ambayo ndiyo hasa uliyokuja kuitafuta. Unalazimishwa kuweka tarehe na mwezi wa kuzaliwa, ilhali wazee wengi waliandikishwa kwa mwaka tu. Ukikosea sehemu moja, fomu nzima inafutika na unaanza upya, bando linateketea. Maelezo ya kosa yanakuja kwa Kiingereza, wakati tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu. Matokeo yake watu wanakimbilia steshenari, wanalipa mtu awatafutie, na kumkabidhi mgeni taarifa zao zote za siri.

Wanaotengeneza mifumo hii wasituambie kwamba teknolojia hairuhusu. Tatizo la majina yanayotamkwa karibu sawa na kuandikwa tofauti lilipatiwa njia kabla kompyuta hazijakuwepo. Mwaka 1918 Mmarekani Robert Russell alipewa hataza ya kanuni ya kupanga majina kwa sauti, ambayo leo inajulikana kama Soundex. Jina hugeuzwa kuwa herufi moja na tarakimu tatu, na katika miaka ya 1930 kanuni hiyo ilitumika kupanga kadi za sensa za Marekani. Kwa kanuni hiyo Mohamed, Mohamedi na Muhammad yote hupata M530, na Fatuma, Fatma na Fatima yote hupata F350. Mwaka 1965 mwanahisabati wa Urusi, Vladimir Levenshtein, alionyesha jinsi ya kupima umbali kati ya maneno mawili kwa kuhesabu herufi za kuongeza, kupunguza au kubadilisha. Kati ya Khadija na Hadija umbali ni herufi moja tu iliyoachwa.

Ni kweli kanuni za wageni hazitutoshi. Soundex hushikilia herufi ya kwanza, kwa hiyo haitamkutanisha Athumani na Othman, wala Khadija na Hadija. Ndiyo maana tunahitaji orodha yetu wenyewe ya majina yanayokwenda pamoja. Orodha hiyo tayari wanayo vichwani makarani wazoefu wa masjala, na wengi wao wanakaribia kustaafu. Waitwe wakae na waandishi wa programu kabla ujuzi huo haujaondoka nao.

Najua hoja ya upande wa pili: ukilegeza utafutaji, mtu atachukua kumbukumbu zisizo zake. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya hatua mbili. Uhakiki mkali unahitajika wakati wa kutoa nyaraka. Wakati wa kutafuta, mfumo unaweza kuonyesha jina, kata na mwaka tu, kisha umtake mwombaji athibitishe uhusiano wake kabla ya kuona zaidi. Usiri wa marehemu yule haukulindwa na jibu la uongo alilopewa mjane wake.

Tunaomba mambo ambayo yanawezekana. Kuwe na kisanduku kimoja cha kuanzia, mtu aandike anachokijua, iwe jina moja au kijiji, kisha mfumo umsaidie kupunguza majibu. Asipopata kitu, aelezwe mfumo umetafuta nini, na aonyeshwe majina ya karibu. Alichojaza kisifutwe. Maelezo yawe ya Kiswahili, na ukurasa ufunguke kwenye simu ya bei ndogo.

Zaidi ya yote, mfumo ujaribiwe na watu watakaoutumia kabla ya kuzinduliwa. Mtaalamu Jakob Nielsen ameandika kwamba hata watumiaji watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Watano hao hawakosekani kwenye benchi la ofisi yoyote ya kata.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatupa wananchi haki ya kupata taarifa zinazoshikiliwa na ofisi za umma. Haki hiyo haiwezi kutegemea iwapo karani aliyefariki zamani aliandika Athumani au Othman. Nawaomba viongozi wanaohusika, kabla ya kupokea mfumo wowote mpya, wawatake walioutengeneza wamtafute humo mzee mmoja wa kijijini kwa jina analoitwa na jirani zake. Wakimkosa, wasilipwe hadi wamalize kazi.

Msaidizi wa kisheria,
Muheza, Tanga.